Mikono Haisubiri Janga Liishe

Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa Korona ni janga la dunia, nilikuwa katikati ya mafunzo ya endoskopi, kipimo cha kuingiza kamera yenye mpira mrefu tumboni kupitia mdomoni au njia ya haja kubwa. Haikupita muda orodha yetu ya siku ikabaki na wagonjwa wawili: mmoja ametapika damu, mwingine amekwamwa na nyama kooni. Waliobaki walipigiwa simu wasije.

Hofu haikuwa ya bure. Anayemezeshwa kamera hukohoa na kutapika karibu kabisa na uso wako. Barakoa za N95 zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo wa kwanza kutolewa chumbani alikuwa mwanafunzi. Nikapelekwa wodi ya Korona. Sikunung'unika. Uongo, nilinung'unika sana.

Niliporudi baada ya miezi minne nilijifanya sijasahau kitu. Kwenye kona za mwanzo za utumbo mpana mpira wa kamera ukajikunja kitanzi, mgonjwa akaguna, mimi nikazidi kusukuma. Nesi akaweka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa, akasema taratibu, "Daktari, vuta kwanza." Somo la wiki ya kwanza hilo!

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, janga likikutoa chumbani kisha ukirudi, mtajie mkufunzi siku uliyoshika kamera mara ya mwisho. Mwombe aingize yeye, wewe utoe. Vinyama vingi vinavyoota ndani ya utumbo huonekana wakati wa kutoa, na hapo jicho lako linaamka. Ukiwa bado umefungiwa nje, tafuta kamera mbovu isiyotumika tena, kidole gumba cha kushoto kizoee magurudumu ya kuielekeza. Tazama video za vipimo, useme unachoona kabla msimulizi hajakisema. Mashine za kuigiza kipimo zinasaidia, ila haziguni.

Usikimbie pia kazi ya kuwapigia simu wagonjwa walioahirishiwa kipimo. Uingereza, Korona ilipoanza, vipimo vya endoskopi vilishuka hadi takriban asilimia 12 ya kawaida, na saratani zilizogunduliwa kila wiki zikapungua kwa zaidi ya nusu. Saratani zenyewe hazikwenda likizo. Kipimo cha kinyesi cha kutafuta damu isiyoonekana husaidia kujua nani hawezi kungoja, lakini maswali yako ndiyo yanayotangulia.

Mimi niliona simu zile ni adhabu. Mpaka mzee mmoja akaniambia tusihangaike, choo chake cheusi ni cha vidonge vya kuongeza damu. Lakini damu inayovuja tumboni nayo hufanya choo kiwe cheusi, nikamwuliza kipi kilianza, vidonge au choo. Akanyamaza kidogo.

"Choo, mwanangu."

Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye orodha.