Maswali na Majibu: Mshirika Gani Asiyeonyesha Mkataba?

Hewa ya ukaa wanaibebaje hadi Ulaya? (Vanga)

Swali hili nimelijibu hapa hadi nimechoka. Haibebwi. Mnunuzi analipia ile ambayo mikoko imeizuia isipande angani, anapewa cheti, basi. Mzungu wa kuja na mitungi usimsubiri.

Shirika limekuja na washirika wawili wa ng'ambo. Wanataka tuweke sahihi mkataba wa miaka 30 ili wauze kaboni ya mikoko yetu. Wanasema Gazi walifanya hivyohivyo. Tuweke? (Kwale)

Gazi hawakufanya hivyohivyo. Mradi wao wa kaboni, Mikoko Pamoja, ulianza kuuza mwaka 2013, na kabla ya hapo watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, walikuwa wameshazama topeni kwa miaka wakipima miti. Msitu wenyewe ni hekta 117, hewa inayouzwa ni kama tani 3,000 kwa mwaka. Kila mshirika ana kazi inayojulikana: KMFRI sayansi, KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya, msitu kwa kuwa mikoko ni mali ya serikali, shirika dogo la hisani la Scotland kutafuta wanunuzi, na kamati ya wanakijiji wa Gazi na Makongeni kuamua pesa ziende wapi. Zikaenda kwenye maji na vitabu vya shule. Wakapanda na mvinje, maana ukimkataza mtu boriti lazima umwonyeshe pa kuzipata.

Sasa hao wageni wenu, nani kati yao anafanya nini? Barua yako inataja nembo tatu na hakuna kazi hata moja.

Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, ilivyorekebishwa 2023, inataka mradi wa kaboni wa ardhini uipe jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka, *baada ya kutoa gharama*. Soma maneno hayo manne ya mwisho tena. Ujanja wote umelala humo: magari, washauri, tiketi za ndege, vyote huitwa gharama. Kabla ya kalamu, dai orodha ya gharama hizo, jina la akaunti na wenye sahihi zake, na mkataba mzima kwa Kiswahili, usomwe barazani, kina mama wakiwapo. Wakisema muda hautoshi, waage kwa heshima.

Tena msinidanganye kwamba chifu alishakubali. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za wanyamapori za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuuza kaboni. Wale walishafika mahakamani. Nyinyi bado mko barazani.

Kikundi chetu kilipanda miche ya mkoko, yote ikafa. Mfadhili anataka tupande tena palepale mwezi ujao. (Msambweni)

Palepale kwa sababu ndipo gari linapofika na picha inatoka vizuri. Mchanga wa mbele unaopigwa na mawimbi si mahali pa mkoko. Anayestahimili huko ni mlilana, aina nyingine ya miti ya mikoko. Mkandaa na mchu wana sehemu zao pia, na wazee wavuvi wanazijua bila warsha. Mara nyingi tope likiachwa litulie na maji yapite njia yake ya zamani, msitu hujiotea wenyewe. Mwambieni ahesabu miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, si miche iliyopandwa siku ya fulana.

Zile dola bilioni 100 za nchi tajiri ziliishia wapi? (Mombasa)

Ziliahidiwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen 2009, kuzisaidia nchi maskini, zitolewe kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu ya wenyewe matajiri, kiwango kilifikiwa 2022, na sehemu kubwa ya pesa za serikali ilikuwa mikopo. Yaani tunakopeshwa tuzime moto ambao hatukuuwasha. Huko Baku 2024 ahadi ikapandishwa hadi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Usiandike bajeti ya kaunti kwa ahadi hiyo.

Nataka kusajili shirika la tabianchi nipate wafadhili. Nianze na nini? (Malindi)

Anza na kazi. Ukiwa huna, Malindi ina mashirika ya kutosha.