Re: Masaa matatu Moshi, nikishuka treni nifanye nini?

Mkuu karibu Moshi. Umesema unashuka na treni ya kutoka Dar halafu una kama masaa matatu kabla ya basi la Rombo, sasa usikae stesheni, mji wetu ni mdogo na unatembeleka kwa mguu.

Kitu cha kwanza ukishuka angalia kaskazini, asubuhi ndo mlima Kilimanjaro unaonekana vizuri kabla mawingu hayajaufunika, na kilele cha Kibo kikiwa wazi piga picha hapohapo usiseme ntarudi. Hiyo reli nayo ina historia, Wajerumani waliileta kutoka Tanga mwaka 1911 hivi, Arusha ikafika baadae sana, 1929.

Halafu tafuta mtori, tena hapa nakusihi usinywe chai na chapati ukaridhika. Pitia migahawa ya karibu na soko kuu, uliza wa ng'ombe wenye mfupa, unaletewa bakuli zito la ndizi zilizopondwa mpaka laini, mvuke unapanda, kamulia ndimu weka na pilipili kidogo, yaani uchovu wa kulala kwenye behewa unaisha wote. Ukimaliza sogea Union Café unywe kahawa, ni ya KNCU, chama cha wakulima wa huku tangu 1933, kwahiyo hela yako inabaki kwa wenye mibuni.

Ukiwa na muda pita soko la Mbuyuni ununue parachichi na ndizi za zawadi, bei nzuri kuliko za stendi. Begi kubwa beba kwa bajaji, patana kabla hujapanda. Na taka usitupe chini, hapa faini ipo kweli.