Uliza Mwalimu: Kopo la Nanasi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi mitumbwi hapa Igombe. Nilinunua kitabu cha mtumba mjini Mwanza, Three Men in a Boat cha Jerome K. Jerome, nikidhani kinafundisha mambo ya boti. Muuzaji akasema ni kichekesho cha enzi ya Victoria. Nimefika ukurasa wa 50, sijacheka. Kinachekesha wapi? Na Victoria huyo ndiye wa ziwa letu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndiye huyohuyo, malkia wa Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Mvumbuzi Mwingereza, Speke, alipoliona ziwa kutokea huku kwetu Mwanza mwaka 1858, akalipa jina la malkia huyo. Kitabu chako kilitoka 1889.

Jerome alikusudia kuwaandikia wasafiri mwongozo wa mto Thames, vichekesho vikamzidi nguvu. Ndiyo maana kila mara unakutana na habari za wafalme wa kale. Hizo ziruke, nenda sura ya 12.

Pale wasafiri watatu wa mashuani, Harris, George na msimulizi, wana kopo la nanasi, kifungulio hakuna. Sisi nanasi tunalimenya kwa kisu, ukikosa unaazima kwa jirani, kwa hiyo ni rahisi kupita hapo bila kuona shida yao. Wao wanatazama picha iliyo juu ya kopo, mate yanawajaa. Harris anajaribu kisu cha mfukoni: kisu kinavunjika, naye anajikata vibaya. George anachukua mkasi, unaruka, nusura umtoboe jicho. Mwishowe George anashika kopo, Harris anasimamisha jiwe lenye ncha juu yake, msimulizi anashusha mlingoti wa mashua kwa nguvu zake zote. Kofia ya majani ndiyo iliyomwokoa George. Kopo likabonyea, likafanya sura kama inayowacheka, wakalitupa katikati ya mto.

Jerome hakuambii popote kwamba hapa ucheke. Anasimulia kama shahidi mbele ya hakimu, na hapo ndipo ninapompendea. Basi usisome kimoyomoyo. Wasomee wenzako kwa sauti, polepole, mkisubiri rangi ya mtumbwi ikauke.

Na kwa kuwa nimetaja rangi, kinachofuata kiwe The Diary of a Nobody cha ndugu wawili Grossmith, kilichoanza kutoka kwenye jarida la Punch mwaka 1888. Karani wa London, Bwana Pooter, analipaka bafu lake rangi nyekundu. Siku anayooga maji ya moto, rangi inayeyuka, anainua mkono, anaona damu tupu, anajua mshipa umepasuka. Nakala yangu ninayo. Ukimaliza sura ya 12 niandikie, nitakuazima.