Matamasha ya jioni: uende au ubaki na vitabu?

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe wa baiolojia, mgeni hapo chuo cha Oberlin, Ohio, Marekani, una haja gani na matamasha na mihadhara ya jioni wakati masomo yanakubana na mfukoni hamna kitu. Nenda. Hapo kuna shule ya muziki tangu 1865, na maonyesho mengi ya wanafunzi ni bure.

Anza na tamasha la mwanafunzi anayemaliza masomo: ukumbi mdogo, watu wachache, mpiga selo (ala ya nyuzi kama fidla kubwa) anafuta jasho la viganja kwenye suruali kabla hajagusa nyuzi. Muziki ukinyamaza katikati usikurupuke kupiga makofi, subiri ashushe upinde anaopigia nyuzi. (Mimi niliwahi kupiga makofi peke yangu, ukumbi mzima ukanigeukia.) Ukimalizika, mfuate umpongeze. Urafiki huanzia hapo.

Mihadhara, mmoja kwa wiki unatosha. Vikundi vya wanafunzi visizidi viwili, usijiandikishe kila meza ya vikundi unayoikuta. Wiki ya mitihani jifungie usome. Januari kuna muhula mfupi wa mradi unaochagua mwenyewe. Ukitaka, jifunze selo.