Kwa wageni wa kwaya: kabla hujatangaza "Twendeni Askari"

Jumapili hii tena kijana ameshika maikrofoni akatuambia wimbo wa "Twendeni Askari" (kwa Kiingereza "Onward, Christian Soldiers") ulitungwa na Arthur Sullivan kuwatia moyo wanajeshi vitani. Waumini wakapiga makofi. Mie nikainamia daftari la solfa, zile noti za do-re-mi. Wadogo zangu, tuelewane.

1. Maneno na tyuni, yaani muziki wake, ni kazi ya watu wawili. Maneno ni ya Sabine Baring-Gould, kasisi wa Kianglikana. Tyuni tunayoimba ni ya Sullivan, 1871.

2. Sabine ni mwanamume. Msiniulize kwa nini imebidi niseme.

3. Hakukuwa na vita. Katikati ya miaka ya 1860 alikuwa kasisi msaidizi Horbury Bridge, Yorkshire, huko Uingereza. Jumatatu ya Pentekoste ilitakiwa watoto wa shule waandamane hadi kijiji cha pili, na wimbo wa kutembelea hamna. Akakesha, akatunga. Uzeeni alikiri mwenyewe kwamba aliutunga mbiombio na baadhi ya vina havikukaa sawa. Hebu mwoneeni huruma. Mtu kaandika vitabu zaidi ya mia. Kakaa miaka kumi East Mersea, kwenye tope la chumvi la Essex, akaliweka lote ndani ya riwaya yake *Mehalah* (1880). Tangu 1888 akazunguka Devon na Cornwall akiwaimbisha wazee wa vijijini nyimbo ambazo zingezikwa nao, na hiyo ndiyo kazi aliyoithamini kuliko zote. Dunia ikang'ang'ania karatasi ya usiku mmoja yenye vina vilivyopinda! Nanyi mnaoniletea utunzi Jumamosi magharibi uimbwe kesho yake, ndiye mnayemwiga, ila kipaji chake mmekiacha nyumbani.

4. Ukibadili ubeti, tunza wa asili. Sabine alipokuta maneno ya aibu kwenye nyimbo za wazee aliyasafisha kabla ya kuchapa, lakini yale yenyewe aliyahifadhi kwenye madaftari yake.

5. Wasifu wa mtunzi usiwe orodha ya tarehe. Semeni habari za mkewe Sabine, Grace Taylor, binti wa kiwandani pale Horbury. Alipelekwa York kwanza akafundwe mambo ya kina bibi wakubwa, wakaoana 1868, wakapata watoto 15. Husimuliwa kwamba kwenye sherehe moja kasisi alimuuliza binti mdogo, "Wewe mtoto wa nani?" Mtoto akaangua kilio: "Wako, baba!" Siapii kisa hicho. Ninachokijua ni kwamba Grace alipofariki mwaka 1916, mumewe aliandikisha kaburini, kwa Kilatini, kwamba huyu ni nusu ya roho yake. Hapo hata soprano wa nyuma wataacha kunong'ona.

6. Kasi. Watoto wale walikuwa wanatembea, hawakimbizwi na nyuki. Tena, msivute kiitikio. Na nyie wa besi, sakafu ile imetengenezwa juzi tu, acheni kuikanyaga.