Nilimuua nyoka asiye na meno

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya nyoka wa kahawia aliyepondwa kichwa, na swali moja tu: "Kaka, huyu ana sumu?" Nikamjibu hapana. Kisha nikaiweka simu chini, maana mimi mwenyewe nimewahi kumuua wa aina hiyohiyo, na bado linaniuma.

Ni nyoka mla mayai, *Dasypeltis scabra*. Nilimkuta jioni kando ya kichuguu kilichohamwa na mchwa. Alijikunja, akaanza kusugua magamba ya ubavuni, mlio ukatoka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Akaachama, kinywa cheusi ndani, akanirukia. Nikadhani ni kifutu, nyoka mwenye sumu kali. Fimbo nilikuwa nayo. Nilipompanua mdomo kwa kijiti sikuona jino hata moja. Vitisho vyote vile ni vya kuigiza; hana kingine cha kujitetea.

Miaka miwili baadaye, usiku, nilimmulika mwingine kwenye kiota cha mnana. Alilionjaonja yai kwa ulimi kwanza, kwani yai bovu hulikataa. Akalivuta polepole, ngozi ya shingo ikatanuka mpaka magamba yakaachana. Ghafla ule uvimbe ukabonyea: pingili za uti wa mgongo zina ncha zinazotokeza kooni, ndizo zinazolipasua. Ute na kiini vikashuka, ganda akalitema likiwa limekunjika kama karatasi. Sijawahi kusimama kimya namna ile.

Huyu hali kingine ila mayai ya ndege. Msimu wa kutaga hujishibisha, kisha hukaa miezi bila chakula. Makao yake ni nyika na maeneo ya miti michache, mchana akilala chini ya mawe, magome na ndani ya vichuguu vikuukuu. Sisi tunaotaka kuwajua nyoka, tuanze hapo: kwanza simama, rudi nyuma, tazama. Kifutu ni mnene, kichwa kipana. Huyu ni mwembamba, kichwa kidogo kinachokaribia kulingana na shingo. Ukiwa na shaka, rudi nyuma vilevile, usimguse. Fimbo iache chini, ndugu yangu. Narudia: iache chini.

Yule msomaji aliniambia alimkuta chini ya rundo la mawe alilokuwa akilihamisha. Nilimwomba ayarudishe yale mawe palepale.