Kikosi kazi hakijavamia nyumba ya jirani: ufanye nini?

Ndugu, umeuliza mbona kikosi kazi cha dawa za kulevya hakijavamia nyumba hiyo ingawa umeshapiga simu mara mbili. "Wanauza unga pale" peke yake haitoshi kupata hati ya upekuzi. Lazima wapelelezi wathibitishe wenyewe, mara nyingi kwa kununua kwa siri.

Wasaidie kwa daftari. Andika tarehe, saa, namba ya gari, mlango uliotumika, mtu alikaa dakika ngapi. Mfano: "Ijumaa, saa 3:40 usiku, pikipiki nyekundu, mlango wa nyuma, dakika mbili." Ukiandika hivyo wiki mbili, mwenendo unaonekana, nao watajua wavizie lini. Uvumi uandike kando, useme ni uvumi.

Usijifanye mteja. Ukiona kifurushi kimetupwa, usikiokote: ukikutwa nacho, wewe ndiye mtuhumiwa. Na tafadhali, usimwambie hata jirani unayemwamini. Habari ikivuja, mzigo unahamishwa usiku huohuo.

Omba namba ya taarifa hata kama hutaji jina, nyongeza zako ziingie jalada lilelile. Ukiona silaha, au mtoto yuko hatarini mle ndani, usingoje daftari lijae: piga namba ya dharura papo hapo.